Zacharie Kahongya na Page ya Waliopotezana

Wasikilizaji wapendwa wa Butembo, wa Beni na wa pembeni, leo tunamukumbuka Zacharie Kahongya. Zacharie Kahongya, muzaliwa wa Vuhovi, miaka thelathini na mbili. Alitutoka Jumanne, hapa Butembo, kwa malaria. Malaria, wasikilizaji! Ugonjwa ambao dawa yake iko. Sitawaficha, nimekasirika. Nimemukasirikia yeye, nimetukasirikia na sisi.

Zacharie alikuwa mutu wa informatique, mambo ya kompyuta. Ndiye aliyetengeneza ile page ya internet ya watu waliopotezana wakati wa kukimbia vijiji. Juu sura ya mutu, katikati jina na habari yake, chini nambari ya simu ya pale anapatikana. Unasukuma kwa kidole, page inasimama yenyewe kwenye sura inayofuata.

Sasa sikieni shida. Wale wanaoandika kanuni za internet walibadilisha kanuni ya kusimamisha page. Zamani navigateur, ile programu ya kufungulia internet kwenye simu, ilikuwa inahesabu hatua zilizo sawa: hatua, simama, hatua, simama. Kanuni mupya inasema hapana, kila sura yenyewe ndiyo inaamua page isimame wapi. Zacharie akafuata kanuni mupya. Na sisi je? Sisi hatutaki kumaliza mega za internet kwa kuteremusha navigateur mupya. Tunapitishiana ile ndogo ya bure, simu kwa simu, sokoni, mbele ya kanisa, miaka na miaka. Butembo muzima, Beni muzima, navigateur moja ya kizamani! Donc, kwa sababu habari za watu hazina urefu mumoja, page ilikuwa inasimama vibaya: juu nambari ya mutu mumoja, chini yake sura ya mwingine.

Mama Eliane wa Beu, kule Beni, alikuwa anatafuta binti yake Keren. Akaona sura ya Keren, akapiga nambari iliyokuwa juu yake. Muzee mumoja wa Lubero akamujibu: "Ule mutoto? Alishakufaka, mama. Tulimuzika." Alikuwa anasema juu ya binti mwingine kabisa. Mama Eliane akaweka matanga ya mutoto aliye hai. Siku tatu watu wamekaa chini wanalia!

Ilipojulikana kwamba yule aliyezikwa si Keren, watu walimutukana Zacharie mpaka sokoni. Page ya uongo, walisema. Mimi mwenyewe nilimuuliza: si ukate zile habari, zote ziwe na urefu mumoja, hatua ziwe sawa, tumalize? Akaniangalia kama anaangalia mulevi.

"Nikate nini, grand frère? Jina ya mama yake? Kijiji yake? Ni kwa ile batu batajuana."

Basi akachukua code, yale maandishi yanayoiendesha ile navigateur ndogo, maana iko wazi kwa kila mutu, akaanza kuirekebisha ifuate kanuni mupya. Miezi minne. Kanuni ni ndefu, tena kwa Kiingereza, na courant ya umeme inakatika kila mara. Akirekebisha kusimama, kuteleza kunaharibika. Akirekebisha kuteleza, simu za zamani zinazima. Mke wake Solange anasema: "Nilikuwa namuambia, baba Ariel, uko natetemeka, twende hôpital. Yeye: ngoja imalize. Nilichoka na ile ngoja yake. Nilichoka kabisa!"

Mais ilimalizika. Zacharie alipanda pikipiki mpaka Beni, na homa yake, akamuwekea Mama Eliane navigateur mupya, ile aliyoirekebisha, kwenye simu. Page ikasimama kwa Keren, muzima, nambari yake chini. Keren alikuwa Kyavinyonge, anauza samaki. Mama Eliane alitusimulia: "Nilisikia sauti yake, simu ikaanguka. Nasikia iko naita kule chini, mama, uko? Mama, uko? Wasingya, Zacharie. Aksanti sana, mwana wangu."

Zacharie alirudi Butembo, akalala, malaria ikapanda kichwani. Siku tisa, basi.

Kwa Solange, kwa mutoto Ariel, kwa mama yake Marie-Jeanne na familia yote ya Vuhovi: poleni, poleni sana. Na sisi wengine tujiulize, ni nani tunayemutukana leo wakati anatufanyia kazi?

Nianze na mimi. Zacharie alikuja hapa studio mara tatu na karatasi, akiomba niisome hewani. Nilimuambia mambo ya technique yanachosha wasikilizaji, arudi juma lijalo. Karatasi ni hii:

"Bandugu, mufute navigateur ya zamani. Muombe mupya kwa mutu mwenye iko nayo, simu kwa simu, bila mega. Kisha mufungue page tena. Pengine mutu wenu iko pale."

Nimeisoma. Imekamata sekunde kumi na tano.