Maganda ya Shirimatunda

Kijiwe cha Shirimatunda kiliwekwa mbali na jalala, lakini mwaka ule jalala lilikuwa linakifuata kijiwe. Gari la taka halikuonekana tangu masika. Mji hauna hela ya dizeli, ndivyo walivyoambiwa, na kwenye mkutano wa mtaa kila kaya ilipoombwa ichangie, wanaume wa benchi hili ndio waliopiga kelele kuliko wote: kodi ya maendeleo tumeshalipa, basi! Mzee Eliezeri alishangilia mpaka kofia ikamdondoka. Wenzake walimwita Mtamba, kwa kuwa kila maongezi yake huishia kwa ng'ombe wake anayemlisha bandani, na gari lisipokuja, maganda yote ya ndizi ya mtaa yanabaki yake. Asubuhi hii alikishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, hanywi. Alikuwa anaogopa, tena anaogopa vibaya.

— Mtamba, mbona umepoa? aliuliza Ebenezeri, aitwaye Bunge kwa kuwa hata sukari haombi bila kuhutubia. Ng'ombe amekununia?

— Nimeokota sindano horini. Ya hospitali. Ilikuwa ndani ya maganda.

Filemon, wanayemwita Redio, akawahi kama kawaida yake.

— Si niliwaambia? Hizi zahanati mpya za watu binafsi! Taka zao zilikuwa zinaondoka na gari. Gari hakuna, wanakuja kumwaga hapa hapa.

— Gari lipo! Waheshimiwa, gari lipo! Injini imeng'olewa, ikavushwa Tarakea, saa hizi inasaga mahindi Kenya.

— Acha fiksi, Bunge. Injini ya gari la taka isage unga, nani ataula?

— Wao watajuaje ilikotoka?

— Mimi nimesikia kubwa zaidi, alisema Redio, akishusha sauti. Taka zenyewe si zetu. Zinaingia kwa malori, zimechanganywa na mitumba. Si mlitaka soko huria? Haya! Kuna ugonjwa unakaa kwenye pamba, ukinusa tu, kwaheri.

— Na mvua ikinyesha unateremka mpaka kisimani, alidakia Bunge, ambaye sasa hahutubii tena. Mtaa mzima, aisee.

Wote wakageuka kulitazama jalala. Redio akavuta miguu yake chini ya benchi.

Eliezeri alitamani waendelee na porojo zao, maana wakinyamaza tu, anamwona ng'ombe. Alfajiri, alipomaliza kukamua, ndipo alipoiona damu mdomoni mwa ng'ombe. Na maziwa yalikuwa yameshaingia jikoni, kama kila siku, kwa ajili ya Yuditha, mkwewe, aliyemzalia mjukuu wa kwanza na bado yuko ndani akilishwa mtori wa ndizi na maziwa kama desturi inavyotaka. Eliezeri hakumwonya mtu. Alivaa kofia, akaja kijiweni.

— Lakini sindano si moja tu? alisema Bunge. Umeitupa, yameisha.

— Hiyo nimeiona mimi. Alizomeza ng'ombe sijui ngapi.

— Anakula bado?

— Amegoma. Anatokwa na mate tu.

— Ruwa wangu, Mungu wangu! Na maziwa je, meku, mzee wangu?

Eliezeri alifungua mdomo, na hapo hapo akamwona mkewe, Elinipendo, anakuja mbio kutoka nyumbani, khanga inaburuzika. Mwanamke yule hakuwahi kukanyaga kijiweni. Wakamwamkia shikamoo, hakuitikia. Mkononi alishika pamba iliyokauka damu.

— Baba Godlove, nimeitoa horini. Uliyaona mambo haya?

— Niliyaona.

— Lini?

— Asubuhi. Maziwa nilikuwa nimeshakuachia jikoni.

— Ukaondoka?

— Niliogopa, mama.

Elinipendo aliitazama ile pamba, kisha akawatazama wote watatu, mmoja mmoja, kama watu wenye akili.

— Yuditha amekunywa kikombe kizima. Maziwa niliyachemsha, lakini sijui kama ugonjwa huu unakufa kwa moto. Sasa mtoto ameamka, analia njaa. Anyonye, asinyonye?

Bunge akamtazama Redio. Redio akamtazama Eliezeri. Kilio cha mtoto kilisikika toka nyumbani, kidogo kwanza, kisha kwa nguvu, na Elinipendo alikuwa bado amesimama pale anasubiri kuambiwa.