Uzi Haufungwi Muguuni

Uwimbabazi, toka hapo mulangoni, ingia ndani. Naona umekuja na mufuko begani sawa muntu anayesubiri gari ya kurudi Nyakabuye, na najua ni juu ya nini: umekuta Cassien amekaa hapa kando yangu. Basi kaa upande huu mwingine. Kitanda ni kipana na mimi nimebaki kidogo tu katikati. Nimewaita ninyi wawili, mutoto wangu na mukamwana wangu, bengine nimebaomba basubiri uani, kwa sababu nina neno la kuwaachia na ninyi hamujasalimiana tangu matanga ya mwanangu Ushindi yalipoisha. Muganga aliongea na Cassien kule nje akifikiri masikio yangu yamekwisha kufa mbele yangu. Nilisikia. Mapafu yamechoka, na mimi nimekubali, Mungu ndiye mwenye kuita. Lakini kufa nikiwaacha hivi, mumoja anabeba mifuko ya simenti Muganza, mumoja amejificha kwa ndugu zake Nyakabuye, na batoto ba Ushindi habana baba wala baba mukubwa, hapo ndipo roho yangu inagoma kutoka.

Musinikatize, pumzi yangu imekuwa ya kuhesabiwa. Munajua nilikulia Bukavu, kule Kadutu, ambapo mama yangu alikuwa anafumua magunia ya nailoni na kusokota nyuzi juu ya paja mpaka paja likawa na alama, na sisi batoto tulikuwa tunateremka nazo ziwani kuwauzia bavuvi. Tuliporudi Rwanda bantu bengine balikuja na vitanda na mashini za kushona. Mimi Védastine nilikuja na ndoano ndani ya kopo la maziwa, nikaweka meza sokoni Kamembe, na meza ile ndiyo iliwalisha, ikawavalisha, ikamuoza Ushindi kwako, Uwimbabazi. Baba yenu aliondoka mapema, Mungu amupumzishe, na meza ikabakia kuwa bwana wangu. Haikuwahi kulewa, hata siku moja.

Meza hiyo ninakupa wewe, Uwimbabazi. Usitikise kichwa. Najua ulichosema: kwamba bobini zote zilizozungushiwa uzi wa kusuka wa kuvulia zichomwe moto, kwamba hutaki kuona uzi ule hata kwenye nguo ya muntu. Utaniambia nikimaliza. Sasa tega sikio, maana muntu hawezi kuuzisha kitu anachokiogopa bila kukijua.

Uzi wa kusuka usiutazame rangi. Rangi inatoka majini baada ya muda, na uzi unabaki vile vile. Chukua kipande ukipitishe katikati ya kucha zako: ukisikia unakwaruza, umesukwa kwa nyuzi nne, ni mugumu, ni wa bantu banaovulia kwenye mawe, ukiteleza kimya kimya, nyuzi zake ni nane na zimeshikana vizuri. Kisha ubonyeze. Ukilala bapa sawa utepe wa kushonea, urudishe kwa mwenyewe bila kumuomba radhi. Ulio muzuri unabaki muviringo. Bavuvi batakuja kuomba unene ule ule wa nailoni yao ya zamani, juu macho yao yamezoea unene, na wewe utabakatalia, utabaambia kwamba mwembamba wa kusuka unashinda nailoni nene, na kwamba wakitaka wa unene ule basi waende kununua kamba ya kufungia ng'ombe. Batanuna. Kesho yake batarudi.

Na bobini usiinunue kwa kutazama juu. Mukengere wa Bukavu, ambaye sote tunamujua, aliniletea siku moja bobini zenye uzi safi juu na takataka chini, nami nilimununia mpaka muke wake akavuka mupaka na kuku mukononi kuja kutupatanisha. Kuku tulimula, Mukengere nilimusamehe, lakini tangu siku ile kila bobini yake ninaifungua mpaka ndani mbele ya macho yake, naye anacheka. Hanidai, simudai. Mumupelekee salamu zangu, na wewe Uwimbabazi uendelee kuzifungua.

Maji. Nipe maji kidogo, Cassien. Basi, inatosha.

Fundo la nailoni halifai kwa uzi huu, linateleza na kufunguka. Uukunje mara mbili, uupitishe kwenye tundu la ndoano, ufunge, ndoano yenyewe ipite ndani ya kitanzi, kisha ulowanishe kwa mate mbele ya kukaza. Usione haya ya mate. Bila mate uzi unajiunguza wenyewe na kukatika hapo hapo fundoni. Na mbele ya ndoano uache kipande cha nailoni, juu mawe ya kisiwa cha Nkombo yanakula uzi wa kusuka sawa panya anavyokula sabuni. Mawe peke yake ndiyo yanauweza. Ukishikwa na kitu kingine hauvutiki, haukatiki, na hapo ndipo kidonda chetu kilipo, batoto bangu, na nitakigusa hata kama mutalia.

Ninyi bote munajua namna wavuvi betu banavyofanya tangu zamani. Muntu anatupa ndoano, anafunga uzi kwenye kidole gumba cha muguu, anajilaza ndani ya mutumbwi, na samaki akigusa kidole kinamuamsha. Baba yenu alifanya vile, baba yake alifanya vile, na hakuna aliyekuwa mujinga. Nailoni inavutika, na ikizidiwa inakatika, muntu anaamka na kidole kinamuuma, anatukana, anafunga ndoano nyingine. Kisha ukaja uzi huu mupya. Cassien aliuleta kutoka Bukavu kwa furaha, akampa ndugu yake bobini ya kwanza bila kumuuzia, akasema, "Ushindi, huu haukatiki." Ulikuwa ukweli. Na Ushindi wangu, mupenda usingizi yule, mutoto ambaye nilikuwa ninamuamsha na maji ya baridi aende shule, aliona uzi unateleza kwenye kidole, haukai. Akauzungusha kwenye kifundo cha muguu na kuufunga vizuri. Hakuna muntu aliyemuambia asifanye hivyo, juu hakuna muntu aliyekuwa anajua. Kilikuwa kitu kipya juu ya desturi ya zamani, na mwanangu ndiye alikuwa wa kwanza kulala hapo katikati.

Wewe, Uwimbabazi, ulikuwa Nyakabuye kwa mama yako, unangoja kuzaa Micheline. Ulifika ukamukuta bwana yako amekwisha oshwa, amevaa shati lake la harusi, na bantu bakakuambia ziwa lilimutoa. Ziwa halikumutoa. Kivu haina tabia hiyo. Sisi tuliozaliwa pembeni yake tunajua ni majina mangapi yako kule chini bila kaburi. Lile ninalokuambia sasa, Cassien alinikataza kulisema. "Maman, usimuambie, atafikiri ninajitetea." Nilimutii mutoto wangu. Leo siku za kutii zimekwisha. Cassien, inua kichwa, usinitazame hivyo.

Ilikuwa asubuhi, jua limepanda vizuri. Boti ya moteri ilipita, imebeba mizigo, wala habakuwa na ubaya, habakuona kitu. Elisi yake, chuma kile cha kuzunguka, ikashika uzi wa Ushindi kule majini. Cassien alikuwa kwenye mutumbwi wake, si mbali. Alimuona ndugu yake anainuka usingizini sawa muntu aliyeitwa, kichwa kinapiga ukingo wa mutumbwi, kisha hakuna muntu. Boti ikaenda, uzi ukakatwa na elisi kule mbele. Lakini upande wa nyuma, Uwimbabazi, mwisho wa uzi ulikuwa umefungwa kwenye ubao wa kukalia, na Ushindi alikuwa chini ya maji katikati ya ule muguu wake na ule ubao. Kama ingekuwa nailoni ingekatika hapo, na wewe leo usingekuwa na kaburi la kuwaonyesha batoto.

Cassien akaushika uzi ule kwa mikono mitupu. Mimi mwenyewe niliwafundisha bote wawili: uzi wa kusuka haushikwi na mukono, unauzungusha kwenye kijiti ndipo unavuta, juu unaingia ndani ya nyama sawa kisu. Alijua. Kijiti hakikuwepo, na ndugu yake alikuwa chini. Akavuta. Muntu mukubwa, na nguo zake, kutoka kilindi kile. Uzi ulipoingia nyamani hakuachia, ulipofika mufupani hakuachia, alikuwa analia na kuita jina la ndugu yake na kuvuta, bavuvi ba Nkombo waliokuja kumusaidia banasema damu ilikuwa inachuruzika juu ya uzi mpaka majini. Alimufikisha. Alimufikisha juu amechelewa, mukamwana wangu, lakini alimufikisha.

Siku ya kumaliza matanga, mbele ya bantu bote, ulisimama ukamuambia Cassien, "Uzi wako ndio umeua bwana yangu." Alikuwa amefunga mikono vitambaa. Wewe ukafikiri ameumia kwenye kazi zake, au hukufikiri kitu, maana uchungu unafunga macho na mimi sikulaumu, mimi pia nilikuwa nimelala chini ninauma mukeka. Yeye angesema nini? Angekuambia namna muguu wa bwana yako ulivyokuwa? Akaenda Muganza kubeba simenti, kazi ambayo haihitaji vidole kukunja vizuri, kwa sababu vidole vyake havikunji vizuri tena. Hawezi kufunga fundo. Mutoto wangu aliyekuwa anafunga ndoano gizani, hawezi kufunga fundo.

Lia tu. Lia, mama. Na mimi ninalia, sema machozi yangu yamekwisha, yanatoka makavu.

Ndiyo maana meza ninakupa wewe. Ukichoma bobini zangu, bavuvi batanunua kwingine, kwa muntu asiyejua kitu, na atawauzia akitabasamu. Lakini wewe, kila muntu anayekuja mezani, kijana au muzee, mbele ya kumupa uzi utamutazama machoni na utamuambia: haufungwi muguuni, haufungwi mukononi, haufungwi mwilini popote. Akicheka, mwambie wewe ni muke wa Ushindi. Hatacheka tena. Hakuna muntu mwingine Kamembe nzima anayeweza kusema neno hilo likasikika. Na vipande vya kukata musivitupe ziwani, vinanasa ndege miguuni na banakufa.

Mutumbwi wa Ushindi, ule uliopinduliwa nyuma ya nyumba, ni wa batoto bake. Cassien, acha simenti. Utaulinda mpaka bakue, utatafuta muntu wa kukufungia ndoano, na kama Uwimbabazi atakubali, yeye ndiye atakayezifunga. Vyumba vya nyumba hii munavijua, mugawane bila kuita chifu wa mudugudu, hiki kijiji chetu. Na Micheline... Micheline anamuona Cassien na kujificha nyuma ya nguo yako, juu amefundishwa kwamba ni muntu mubaya. Mutoto yule hakumuona baba yake. Anaye mumoja aliyebaki wa kumuita papa. Musimunyime. Hiyo si amri, Uwimbabazi, ninakuomba, mimi mukwe wako ambaye sijawahi kukuomba kitu.

Munizike kando ya Ushindi. Baba yenu atanisamehe, amekwisha zoea kulala peke yake. Musinunue jeneza la kuringia bantu. Kilio kisizidi, samaki sambaza na bugali bitoshe kwa bale watakaotoka mbali.

Pumzi... ngojeni.

Mungu awape kazi za mikono. Awape usingizi. Batoto benu bawazike ninyi, musibazike ninyi... kama mimi nilivyozika. Awatunze majini na nchi kavu, mukivuka na mukirudi.

Mugongo unawaka. Nigeuzeni, nielekee dirishani. Hapana, Cassien, peke yako huwezi, utaniumiza. Uwimbabazi... weka chini huo mufuko. Pitisha mukono huku, chini ya kiuno. Cassien, wewe kwenye bega. Polepole. Bote pamoja.

Vile.

Nasikia mikono yenu. Imekutana hapo chini yangu. Wako ni baridi, binti... wa Cassien una makovu, unayasikia?

Musiitoe. Musiitoe kwanza.