Nyumba ya Mama Kando ya Mto

Wapendwa, mchungaji ameniambia nisimame niwajenge. Sijui kama nitawajenga. Habari hii ilinibomoa mimi kwanza, na nikiwaambia uchungu umekwisha nitakuwa nimesema uongo mbele za Mungu. Haujaisha. Najua pia kwamba baadaye tuna lile jambo la kununua jengo la kanisa, kwa hiyo sitawachosha.

Wa hapa Beechmont mnanijua. Mimi ni yule mama wa ghalani, wa shifti ya alfajiri, anayesinzia mahubiri yakiwa marefu. Mnacheka, lakini ni kweli. Wageni wetu wa Columbus na Buffalo hawanijui, basi nijieleze. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, nikaletwa hapa Louisville pamoja na mume wangu na watoto. Dada yangu yuko Reynoldsburg, kule Columbus. Mdogo wetu wa kiume yuko Black Rock, Buffalo. Kaka yetu mkubwa alipelekwa Ufaransa, na mama yetu akaenda naye. Majina yao nayaacha. Wote wako hai, na mmoja wao hasemi nami.

Mama yetu alifukuzwa kule Burundi, kwenye shamba la baba yetu, akiwa bado bibi harusi. Kambini akalima kipande kidogo nyuma ya nyumba, nacho akakiacha tulipotawanywa. Ufaransa akawekwa ghorofani kwa kaka, dirisha linatazama maegesho ya magari. Kila tukimpigia simu ni neno moja: "Wanangu, nitakufa sijashika jembe?" Ninyi wenye wazazi ghorofani mnajua neno hilo linavyochoma.

Basi kaka akatupigia. Akasema huko mashambani Ufaransa vijana wamekimbilia mijini, nyumba za mawe zimebaki zinauzwa kwa bei ya gari. Alikuwa amepata moja, kwenye bonde, ina bustani, na mto unapita chini ya bustani. Akasema, "Tukiungana sisi wanne, mama atalala kwake. Hakuna atakayemwambia ondoka tena." Tuliungana. Mimi niliongeza shifti za Jumamosi. Dada alifunga biashara yake ya vitenge. Mdogo wetu alikuwa anatafuta nyumba yake Buffalo, akaacha kwanza.

Tukasafiri sote watatu, wakati wa kiangazi. Ndugu zangu, nawaambia, mahali pale palikuwa pazuri. Mto ulikuwa mwembamba, mtoto angeuvuka asilowe magoti. Mama aliingia bustanini kabla ya kuingia ndani. Akainama, akachota udongo, akaunusa, akasema, "Huu ni wa maharage." Kisha akalia, na sisi tukalia. Kambini aliyepewa kiwanja karibu na bomba alionekana tajiri. Hapa mama yetu alipewa mto mzima! Hakuna aliyejiuliza kwa nini majirani wote wamejenga kule juu mlimani. Mdogo wetu alisema Wazungu wanapenda kutazama mbali, tukacheka.

Sasa sikilizeni hapa.

Kule Ufaransa huwezi kununua nyumba bila kukaa mbele ya mwanasheria wanayemwita noteri. Yeye husoma kila kitu kwa sauti, halafu anauliza kama umeelewa. Kifaransa alikijua kaka peke yake, akawa ndiye anayetafsiri. Noteri alisoma muda wa kuchemsha maharage. Kaka akatafsiri muda wa kumeza mate: "Anasema ni nyumba nzuri, ya zamani, iko karibu na mto." Yule bwana akatutazama. Nafikiri aliona kuna kitu kimepungua. Akaamua kutuuliza mmoja mmoja, kaka akitutafsiria: umeelewa habari ya mto?

Mama akasema ndiyo. Dada akasema ndiyo. Mimi nikasema ndiyo. Mdogo wetu akasema ndiyo.

Ninyi mliopita kambini hamshangai. Mnakumbuka intavyu za kuja Amerika. Mnakumbuka wazazi walivyotufundisha usiku kucha: akisema mkubwa, na wewe sema hivyo hivyo. Familia ikitofautiana neno moja, kesi inakwama, wenzenu wanapanda ndege ninyi mnabaki. Mimi nilifundishwa nikiwa mdogo hata sijui Amerika ni nini. Mtu wa ofisi akikuuliza umeelewa, huo si wakati wa kufikiri. Unamwangalia mkubwa wako, unaitika. Tulitoka kambini kwa hiyo ndiyo, na tukaibeba hadi kwa noteri.

Mwaka wa kwanza mama alivuna. Alituonyesha maharage kwenye video, ameyapakata kama mjukuu. Nilidhani Mungu amefuta machozi yote.

Halafu ikaja mvua ya majira ya baridi. Mto ule wa magotini ukapanda bustani, ukapanda ngazi za mlango, ukaingia jikoni. Mama alikuwa peke yake. Alikaa juu kwenye ngazi za ndani, biblia mkono huu, mbegu zake za maharage mkono huu, akiyatazama maji yakichukua viti. Waliomtoa ni majirani wa mlimani, kwa trekta. Mmoja alikuwa bibi Mfaransa, mjane, ambaye hata jina lake sikuwa nalijua. Mama alilazwa kwa kifua, na mapafu yake hayakurudi kuwa yale.

Nilikwenda. Dada alinikatia tiketi. Ninyi akina mama wa hapa mlinipikia watoto wangu siku zote ambazo sikuwepo. Nilipoingia jikoni kwa mama, tope lilikuwa limefika kwenye droo. Yule bibi alikuja na mabuti na reki, akafanya kazi nami bila neno. Tulipolisogeza kabati kubwa la jikoni, ukutani nyuma yake kulikuwa na mistari, imechongwa kwenye jiwe, kila mmoja na mwaka wake. Mistari ya maji. Mmoja ulinifika kifuani. Bibi akazungumza kwenye simu yake, simu ikanitafsiria: "Hawakuwaambia?"

Nikaenda kwa kaka na tope langu miguuni. Nikamuuliza, "Kaka, ulijua?"

Hakukataa. Alisema, "Mama alikuwa ameshaipenda. Umemwona akinusa ule udongo. Ulitaka mimi ndiye nimnyang'anye?" Halafu akasema lile ambalo bado naliota: "Na wewe si uliulizwa? Si ulisema ndiyo?"

Nilirudi Louisville nikiwa na hasira ya kumchukia yeye, na kuichukia familia yote, na kumchukia Mungu pia, niseme tu ukweli. Niliacha kuja hapa. Mlidhani ni kazi. Haikuwa kazi. Nilikuwa sitaki kusikia mtu akisema amina.

Kiangazi kikarudi. Mto ukawa mwembamba tena. Kaka akapiga rangi, akarudisha kabati mahali pake, akapata wanunuzi. Mnajua akina nani? Warundi wenzetu, mume na mke kutoka mjini, pamoja na bibi yao anayetaka kulima. Akatupigia sote: "Kesho watakuja kuiona. Watauliza habari ya mto. Familia moja, neno moja. Tukiharibu hapa, jasho letu sote limekwenda."

Kesho yake nilikuwa kwenye gari, kwenye maegesho ya ghala, wakati wa mapumziko. Simu ya kaka ilikuwa imesimamishwa mezani huko, sisi watatu tuko kwenye video. Mama alikuwa ameketi pembeni na blanketi lake. Yule mke akauliza, "Na maji je, hayajawahi kuingia?" Kaka akasema, "Kamwe. Waulizeni ndugu zangu."

Dada akasema, "Ni kama alivyosema kaka." Mdogo wetu akasema vivyo hivyo, lakini uso aliugeuza.

Wakafika kwangu. Wapendwa, kulikuwa na dirisha nyuma ya meza, na dirishani nikamwona bibi yao bustanini. Ameinama. Anachota udongo. Anaunusa.

Nilisema, "Sogezeni lile kabati."

Kaka akasema, "Mtandao wake mbaya." Nikarudia kwa sauti, hata mwenzangu wa kazi aliyekuwa akipita akageuka: "Kaka, sogeza kabati. Waone ukuta."

Ndipo nikasikia mama anakohoa. Akasema, "Lisogezeni." Kisha akasema polepole, kwa ile sauti iliyobaki, "Siku ile kwa yule bwana, mimi pia sikuelewa kitu. Nilisema ndiyo tu."

Wakalisogeza. Wakaona. Yule mke akaja kwenye simu, akaniangalia, kisha wakaondoka wote.

Nyumba haijauzwa hata leo. Jasho letu liko pale na konokono. Dada alinuna, amesharudi. Mdogo wetu amenunua nyumba Black Rock, karibu na mto pia, lakini yeye alizunguka mtaa mzima akiuliza wazee hadi wakamchoka. Kaka alitoka kwenye kundi letu la WhatsApp siku ile ile, na tangu hapo hajapokea simu yangu. Watu husema damu nzito kuliko maji. Mimi sijui. Mama amerudi ghorofani. Ameotesha maharage kwenye ndoo, kwenye kibaraza. Yametoa majani mengi, maharage machache.

Namshukuru yule bibi wa reki, ambaye hatanielewa hata akinisikia. Namshukuru dada kwa tiketi. Nawashukuru ninyi akina mama, mliokuja mlangoni kwangu nilipokuwa siji, mkakaa bila kuniombea kwa nguvu, mkanywa chai mkaondoka. Hiyo ndiyo iliyonirudisha. Na namshukuru mama yangu, aliyenifundisha kuitika nikiwa mtoto, na akiwa mgonjwa akanifundisha kuacha.

Somo langu ni dogo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na sisi tunalisema sana, hatulitendi. Sasa ghalani msimamizi akinieleza jambo nasema, sijaelewa, rudia. Anakasirika, anarudia.

Nimemaliza. Au karibu. Mchungaji, baba yetu, nakuheshimu, unalijua hilo. Najua sasa hivi utatuuliza kuhusu lile jengo tunalotaka kununua, na sisi sote tutasema amina kwa kishindo kama kawaida yetu. Kabla hatujaitikia, naomba uniambie jambo moja mbele ya wote, maana sijaelewa.

Waliokuwa nalo kabla yetu, kwa nini waliliacha?