Nafasi Aliyopata Wifi

Nyuma yangu kwenye basi walikaa mawifi wawili. Mdogo alipakata faili jipya la mafunzo ya kuwasaidia watu mtaani akili inapowaelemea. Mkubwa, mke wa kaka yake, aliliangalia faili lile kama mtu aliyeibiwa.

"Kaka yako alipochanganyikiwa, nani alificha visu? Nani alilala mlangoni? Leo mtaalamu ni wewe." Mdogo akajitetea, "Wifi, waliochagua walitaka cheti cha sekondari." "Cheti kingemshika mkono?" Mimi niliyekuwa nasikiliza niliishia darasa la sita, kwa hiyo upande wangu unajulikana.

"Haya, wamekufundisha nini huko?" "Kumuuliza mtu bila kuzunguka kama anafikiria kujiua." Mkubwa akacheka. "Hilo nilimuuliza kaka yako huku naosha vyombo."

Mdogo akauliza taratibu, "Na wewe mwenyewe, wifi, siku zile uliwahi kufikiria kujiua?"

Nilijua atatukanwa. Hakutukanwa. "Miaka minne hakuna aliyeniuliza," mkubwa alisema. "Kwa nini iwe wewe?"

Basi likasimama kituo cha mwisho. Tulishuka wote isipokuwa wao.