Joyness Kokuhirwa, Aliyetandika Nyasi Akasubiri Watu

Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, ni Joyness Kokuhirwa Mwesiga. Alizaliwa tarehe 12 Machi 1994 hapa Kaagya, Bukoba Vijijini, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mwesiga Kahigi na mkewe Kokwijuka. Alizaliwa kimya. Mkunga alimpigapiga mgongoni mpaka akavuta pumzi, ndipo akalia. Tangu siku hiyo mama yake akawa na tabia ya kumsogezea sikio puani kila alipolala, hata alipokuwa mtu mzima aliyekuja nyumbani kwa likizo. Joyness alikuwa akimjibu mama yake bila kufumbua macho, "Mae, nipo."

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 2001 hadi 2007, akapata kipaimara na kuimba kwaya ya vijana usharikani. Baba yake alipofariki mwaka 2008, shangazi yake Annastella alimchukua akakae naye Kimwani, Wilaya ya Muleba, akasoma sekondari huko mpaka akamaliza kidato cha nne mwaka 2011. Kule hakuwa na rafiki. Jioni alikaa nyuma ya nyumba akitazama migomba. Shangazi alimwambia mama yake, "Wifi, mtoto huyu anakaa kama mgeni asiyejua saa ya kuaga."

Mwaka 2013 alikwenda Arusha kufanya usafi katika nyumba ya wageni. Wageni wa pale walikuwa wakifanya yoga barazani asubuhi, yaani mazoezi ya kunyoosha mwili na kuvuta pumzi taratibu. Kazi ya Joyness ilikuwa kutandika na kukunja mikeka yao. Mwalimu wao alimkuta stoo akijaribu peke yake, akamkaribisha barazani. Alijifunza kwa muda mrefu, na mwaka 2018 akapata cheti cha kufundisha.

Alirudi Bukoba mwaka 2019. Rafiki yake Mastura Shaban, fundi cherehani mjini, alimpa chumba cha nyuma ya duka, na jioni wakaja walimu na wauguzi wenye migongo iliyochoka. Mambo yalikwenda vizuri, lakini hayakumtosha. Alimwambia Mastura, "Mjini wananiita mwalimu, wakimaliza wanakunja mikeka wanaondoka. Nataka kufundisha nyumbani, kwa Kihaya, wanawake walionilea. Hao wakimaliza watabaki tule."

Hilo ndilo alilolitaka maishani kuliko kitu kingine. Mwaka 2021 alianza darasa la Jumamosi katika chumba kikubwa cha nyumba ya baba yake. Kwa kuwa mikeka ilikuwa michache, alikata nyasi na kuzitandika sakafuni, kama nyumba zetu zilivyokuwa zikitandikwa zamani. Akina mama wachache walikuja. Aliwaambia wasiogope, kwa sababu mwanamke wa Kihaya anapiga magoti kusalimia tangu akiwa mdogo, kwa hiyo nusu ya somo wanayo tayari. Walicheka, wakajinyoosha. Mwisho akawalaza chali, wafumbe macho na kunyamaza. Huko alikojifunza, mlalo huo unaitwa wa maiti. Yeye alilikataa jina hilo. Alisema tu, "Sasa pumzikeni. Kila mtu aitafute pumzi yake."

Alisahau kwamba kwetu nyasi zikitandikwa na watu wakazilalia mchana bila kusema, kuna msiba. Bibi Lwakatare, jirani wa upande wa chini, alipita njiani akachungulia. Alirudi na mkungu wa ndizi kichwani, analia kwa sauti, na wengine nyuma yake wanalia.

"Nani ametutoka?" aliuliza.

"Hakuna, waitu," Joyness alijibu kwa heshima, bado amelala. "Tumepumzika tu."

"Mnapumzika saa tisa mchana, kahawa imeanikwa nje na wingu lile linakuja?"

"Tunasikiliza pumzi, Bibi."

"Yangu ninaisikia nikipanda kilima." Bibi Lwakatare aliketi, akajifuta macho kwa kanga. "Haya. Machozi nimeshayamwaga, na mkungu siurudishi. Pikeni tule."

Siku hiyo walikula pamoja, na mama yake hakuwahi kumwona Joyness akicheka vile. Lakini maneno yalitembea. Wakasema kwamba anayeigiza msiba anauita. Mzee mmoja wa kanisa alimuuliza kwa upole, "Binti, mkifumba macho mnamwita nani?" Akajibu, "Hatumwiti mtu, Baba. Tunasikia uhai tuliopewa." Mzee aliridhika, lakini wanawake hawakurudi. Kila Jumamosi Joyness aliendelea kukata nyasi, kutandika na kuacha mlango wazi. Mama yake alibeba ungo wa maharage akakaa kizingitini, ili darasa lisiwe tupu.

"Mae, karibu ndani."

"Nachambua maharage, mwanangu. Wewe fundisha, nasikia."

Naye alifundisha, kwa sauti ya kutosha watu wengi.

Ndoa hakujaliwa. Mwaka 2022 aliposwa na kijana wa Rubafu, na mazungumzo yalifika mbali. Wazee wa upande ule waliomba aache kwanza habari za kulala kwenye nyasi. Joyness aliwashukuru, akawasindikiza mpaka barabarani, akarudi kuosha vikombe vyao.

Mwezi Februari mwaka huu alianza kuishiwa pumzi akitembea. Hospitalini walimwambia moyo umetanuka. Alitibiwa Bukoba, kisha Mwanza, na mwezi Agosti akarudi Kaagya. Hakuweza tena kulala chali, alilala akiegemea mito. Aliomba aandaliwe kile chumba kikubwa. Jumamosi mama yake alikata nyasi akatandika, na safari hii aliingia ndani akalala pale chini. Joyness alimfundisha akiwa mitoni, neno moja moja, kwa pumzi ndogo aliyokuwa nayo. "Usiivute kwa nguvu, Mae. Isubiri, itakuja."

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba, alikunywa chai kidogo akafumba macho. Mama yake alimsogezea sikio. Akasubiri, kama alivyofundishwa.

Joyness ameacha mama yake Kokwijuka, mdogo wake Mujuni, shangazi yake Annastella wa Kimwani, rafiki yake Mastura na wanafunzi wake wa mjini. Tangu juzi nyasi zimetandikwa tena katika chumba kile, na kwa mara ya kwanza zimejaa watu mpaka ukutani. Bibi Lwakatare amekuja na mkungu wake. Matanga yakianuliwa kila mtu atarudi kwake. Jumamosi ijayo, saa tisa mchana, mama yake atakaa kizingitini na mlango utakuwa wazi. Atakayepita asiogope kuingia.

Joyness, darasa limejaa. Sasa pumzika.