Ubeti wa Apiyo

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa moja jioni

MATHEWS: Haloo? Ni nani? Harakisha, niko studio, muziki inaisha!

MILKA: Ni Mama Milka wa Mamboleo, wa darasa la ngumbaru. Hujambo, Bwana Mathews?

MATHEWS: Poa, mama! Si nimesoma shairi yako hewani? Kondele yote wamepiga simu mpaka—

MILKA: Nimesikia. Nimechefukwa.

MATHEWS: Aii! Kwani?

MILKA: Lile ni shairi la maombolezo. Kila ubeti umeusimamisha ili mtu apige simu ajisifu. “Mimi ndume wa Milimani, gari langu halijui matope!” Juu ya kilio changu?

MATHEWS: [anacheka] Hiyo ni pakruok, mama. Jioni ya utamaduni bila watu kujisifu—

MILKA: Usinifundishe pakruok, nimezaliwa nayo. Hata kwenye disko matanga, ngoma za usiku wa msiba, marehemu hutajwa jina. Ubeti wa mwisho uko wapi?

MATHEWS: Muda iliisha.

MILKA: Jina la binti yangu lilikuwa humo. Pacha wake, Adongo, ameketi mbele ya redio tangu saa kumi. Tangu tumzike Apiyo hajasema neno. Nikamwahidi atalisikia... Haloo?

MATHEWS: Niko, mama. Wacha nisome sasa hivi.

MILKA: Soma.

MATHEWS: Karatasi ilikuwa... [vishindo] Aii. Pole. Wenzangu wamewekelea mandazi. Imelowa mafuta, haisomeki.

MILKA: Mandazi! Miezi saba nimejifunza kushika kalamu ili niandike ukurasa ule, nanyi mkaufanya sahani? Kinyaa gani hiki!

MATHEWS: Mama, nisame—

MILKA: Shika kalamu. Salio langu linakwisha. Andika: “Apiyo, ulitangulia kuja—”

MATHEWS: [mkwaruzo] Unakatika! Kuja...?

MILKA: “—ukatangulia kwenda.” Umeandika?

MATHEWS: Nimeandika.

MILKA: “Safari hii, mwache Adongo akawie.”

MATHEWS: [anaandika]

MILKA: Bwana Mathews?

MATHEWS: “Mwache Adongo akawie.” Nimeandika, mama.

MILKA: Usome polepole. Na yule ndume wa Milimani akipiga simu, mwambie anyamaze, kuna msiba.

MATHEWS: Hatasikika. Nikimaliza niseme nini?

MILKA: Sema, aliyesikia jina hili amwambie asiyesi—

[Simu inakatika.]

MATHEWS: Mama? Mama Milka? ... Nyinyi, zimeni hiyo muziki. Zimeni!