Dhansak ya Mwenyekiti

HILLA: Haloo? Nani mwenzangu?

SAVAK: Savak. Mume wa dada yako, kama bado nahesabika.

HILLA: Shemeji! Tangu tumuage Roda hujapiga. Salama huko Mumbai?

SAVAK: Salama ya mgane. Sikiliza, mchuzi wangu wa dhansak ni mwepesi kama chai. Niongeze nini?

HILLA: Umepika dhansak? Wewe?

SAVAK: Iko jikoni, inanitazama.

HILLA: Toa vipande vya mbuzi kwanza. Zile dengu na boga na biringanya ziponde kwa mwiko, kisha rudisha nyama. Umeonja?

SAVAK: Sijaonja.

HILLA: Sasa umejuaje— subiri. Nani kafa?

SAVAK: Hajafa mtu. Mwenyekiti wa wakazi wa jumba letu kachaguliwa tena. Jioni anasherehekea, kila mlango upeleke chungu.

HILLA: Chakula cha kumaliza matanga ukipeleke kwenye sherehe?

SAVAK: Hiki ndicho nilichopika.

HILLA: Una wazimu! Watu watatoka mbio—

SAVAK: Watoke. Lifti ilikufa kabla ya mvua, barua tukaandika, mwenyekiti na wenzake wakanywa chai tu. Roda akashushwa ghorofa nne kwenye kiti cha jikoni, anahema. Hospitali tukafika tumechelewa. Mwenyekiti akaniletea shada la maua. Nami nampelekea—

HILLA: Unakatika! Haloo?

SAVAK: Nasema nampelekea chungu!

HILLA: Nimesikia, usinipasue sikio. Savak, ile siku ya nne ya msiba, baada ya maombi ya alfajiri, mimi nilikimbilia treni. Dhansak alikupikia nani?

SAVAK: Jirani alileta.

HILLA: Ukala?

SAVAK: Nilimpa mlinzi.

HILLA: Kwa hiyo mpaka leo—

SAVAK: Viazi. Si vibaya.

HILLA: Miezi yote hii hujagusa nyama? Watu hujizuia siku tatu, bwana! Ya nne unakula, unamwacha marehemu aende zake.

SAVAK: Alipokufa mama yangu, alipika Roda. Alipokufa baba yenu, Roda. Sasa kafa yeye, ningekula ya nani?

HILLA: Yako. Ponda hizo dengu, nasubiri.

SAVAK: [mwiko unagonga chungu, muda mrefu] Tayari.

HILLA: Chota sahani.

SAVAK: Ni ya mwenyekiti.

HILLA: Mwenyekiti kafiwa na nani?

SAVAK: [mfuniko unarudishwa juu ya chungu]

HILLA: Nakuuliza, Savak. Kafiwa na nani?

SAVAK: [kiti kinavutwa. Kijiko kinagonga sahani.]

HILLA: Shemeji? Upo?

SAVAK: Nyama ngumu.

HILLA: Itafune.

SAVAK: Na uwatu umezidi. Roda angenicheka.

HILLA: Angekucheka mpaka majirani wasikie.

SAVAK: [anapenga kamasi] Pilipili hii.

HILLA: Ndiyo, pilipili. Na sherehe je?

SAVAK: Watakula walichonacho. Nachota tena. Usinisemeshe, shemeji, salio la simu lenyewe linakwi—